Mstari wa leza ukipotea juu ya mnofu: kuusaka mwanga mgeni kwenye mashine za kupimia samaki

Mashine inayopima mnofu wa sangara kwa leza ina kazi moja. Leza inachora mstari mwembamba kukatiza mkanda, kamera iliyoinamishwa pembeni inautazama, na mnofu ukipita chini yake mstari unapanda na kushuka kufuata umbo la nyama. Programu inageuza kupanda huko kuwa kimo, inajumlisha vimo kuwa ujazo, na ujazo ukizidishwa kwa uzani wa kila sentimita ya ujazo zinapatikana gramu ambazo kisu cha kukatia vipande kinazisubiri. Yote hayo yanategemea kamera iuone mstari na isione kitu kingine kinachong'aa kuuzidi. Kwenye viwanda vya samaki vilivyo kando ya ziwa hapa Mwanza, hapo ndipo penye ugonjwa, na programu ndiyo inayosingiziwa.

Dawa inayotajwa upesi ni filta, yaani kichujio kinachofungwa kwenye lenzi ili kipitishe rangi ya leza peke yake. Ni dawa nzuri na ninaitetea. Ila filta huchaguliwa kwa kuangalia leza fulani, lenzi fulani na mwanga fulani unaosumbua. Fundi asiyejua mwanga gani unamsumbua ananunua kioo tu.

Picha mbili kabla ya kushika bisibisi

Iondoe kamera kwenye hali ya kujirekebisha yenyewe. Ukiiacha hivyo, mwanga mgeni ukizidi kamera itapunguza muda wake wa kupokea mwanga, mstari utafifia, nawe utaanza kuilaumu leza isiyo na kosa.

Kisha piga picha mbili. Ya kwanza: leza imezimwa, taa na madirisha viko kama vinavyokuwa kazini, mnofu uko mkandani. Kila kitu unachokiona humo ni mwanga mgeni. Ya pili: leza imewashwa, taa zimezimwa, turubai jeusi limefunika boksi lote lenye leza na kamera. Huo ndio mstari ulivyo bila mgeni. Soma namba za piseli, yaani za nukta zinazounda picha, badala ya kuamini macho. Kwenye kamera ya ngazi 0 (giza) hadi 255 (mwanga wa juu kabisa), picha ya kwanza ikisoma 180 juu ya mnofu, leza imebakiziwa ngazi 75 tu za kujionyesha, na mnofu mweupe ukipita utagonga 255 kila mahali na kilele cha mstari kitapotea. Ikisoma 10 na mashine bado inakosea, acha habari za filta. Tatizo liko kwingine, na baadhi yake nimeyaeleza huko chini.

Tahadhari ya macho. Leza ya miliwati 50 imevuka daraja la usalama la 3R, ambalo kwa mwanga unaoonekana huishia miliwati 5. Soma lebo, usifungue boksi leza ikiwa inawaka, na ile ya nanomita 850 (nanomita ndizo zinazopima urefu wa wimbi, yaani rangi ya mwanga; 850 ni infraredi, iliyo nje ya wekundu) iogope zaidi kwa sababu haionekani na jicho halitapepesa kujikinga.

Inagoma kwa saa maalumu

"Fundi, mchana imeanza tena, ila jioni itatulia yenyewe." Mwendesha mashine akikuambia hivyo, amekwisha kukufanyia nusu ya uchunguzi. Muulize saa, muulize na mwezi.

Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu ya paa mara mbili kwa mwaka: katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Tena kwa kuwa tuko magharibi sana ndani ya saa za Afrika Mashariki, jua halifiki utosini saa sita kamili bali karibu na saa saba mchana. Kama paa la kiwanda lina mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, katika majuma hayo doa la jua linashuka moja kwa moja hadi mkandani, linakaa kitambo, linaondoka. Mashine iliyofungwa Juni ikafanya kazi vizuri inaweza kuanza kukosea Septemba bila mtu kuigusa.

Ugonjwa wa saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ni mwingine. Hapo jua liko magharibi, na kwa sehemu kubwa ya mji magharibi ndiko liliko ziwa. Dirisha linalotazama maji linaingiza jua mara mbili: lile la angani na lile linaloakisiwa na maji, ambalo linakuja likitokea chini na kupiga dari na kuta zilizopakwa rangi nyeupe. Mwanga wa namna hiyo hauachi doa. Unapandisha mandharinyuma ya picha nzima polepole, ndiyo maana watu wanadhani kamera imechoka.

Sasa hesabu inayoonyesha kwa nini filta inasaidia. Jua kali lina takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba, na kati ya hizo kama 700 ziko katika eneo ambalo sensa ya silikoni, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inaliona, nanomita 400 hadi 1,000. Leza ya miliwati 50 ikitandazwa kuwa mstari wa urefu wa milimita 300 na unene wa milimita 1 inatoa kama wati 167 kwa mita ya mraba ndani ya mstari. Bila filta, jua linaishinda leza mara nne. Weka filta inayopitisha upana wa nanomita 50 kuzunguka 660, rangi ya leza nyekundu: jua linabaki na wati 70 hivi, leza inaongoza zaidi ya mara mbili. Weka ya nanomita 10: jua linabaki na kama 14, leza inaongoza karibu mara kumi na mbili.

Namba hizo zinavutia, na hapo ndipo watu wanapokimbilia filta nyembamba kuliko zote. Subiri kidogo. Kipande cha bati jeusi kilichokunjwa kuwa kofia juu ya boksi, pazia za plastiki nyeusi mkanda unapoingilia na unapotokea, na rangi nyeusi isiyong'aa ndani ya boksi vinaweza kukata sehemu kubwa ya mwanga huo kwa gharama ndogo. Anza na kofia. Kisha punguza muda wa kupokea mwanga huku leza ikipigwa kwa mapigo yanayokwenda sambamba na kamera: ukifupisha muda mara tano na leza ikaweza kutoa nguvu mara tano kwa muda huo mfupi, mstari unabaki vilevile na jua linapungua mara tano. Filta ije kumalizia kilichobaki.

Filta nyekundu imefungwa, jua bado linaingia

Hii naikuta sana, kwa sababu plastiki nyekundu ni rahisi kupatikana. Kioo au plastiki nyekundu inakata bluu na kijani, halafu inaacha wazi kila kitu kuanzia karibu nanomita 600 kwenda juu. Jicho letu linakoma karibu na 700. Sensa ya silikoni haikomi hapo. Inaendelea hadi 1,000 na ushee. Ukiitazama filta hiyo kwa macho utaona wekundu mzito wa kuridhisha, na wakati huohuo kamera inamwagiwa infraredi yote ya jua.

Jaribio lake halina gharama. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera kupitia filta, bonyeza kitufe. Rimoti nyingi hutoa mwanga wa nanomita 940 hivi. Taa yake ikionekana inamulika kwenye skrini, mlango wa nyuma uko wazi, na unahitaji filta ya bendi, ile inayokata pande zote mbili za rangi ya leza.

Hata filta ya bendi, ulizia inakata kuanzia wapi hadi wapi. Zipo zinazokata vizuri jirani na bendi yake kisha zinaachia tena mbali, tuseme juu ya 900. Inayofaa kamera ya silikoni ikate hadi 1,100. Kipimo cha ukataji kinaandikwa OD: OD 3 inapitisha sehemu moja katika elfu, OD 4 moja katika elfu kumi. Kwa kazi ya mkanda uliofunikwa, OD 3 kamili hadi 1,100 naipenda kuliko OD 4 inayoishia 800.

Kinyume chake pia kipo: leza ni ya 850, kamera haioni mstari hata kidogo. Kamera nyingi za rangi zina kioo cha kuzuia infraredi kilichofungwa ndani kiwandani. Leza ni nzima. Badilisha kamera.

Katikati mstari upo, pembeni unakufa

Dalili hii ina sura yake: mnofu ulio katikati ya mkanda unapimwa sawasawa, ulio ukingoni unatoka mwepesi au na matundu. Mwendesha mashine atasema lenzi ni mbovu. Zima taa zote uone. Kama hata gizani mstari unafifia kuelekea pembeni, na kabla ya kufunga filta haukuwa hivyo, filta yenyewe ndiyo inayoukata.

Filta ya bendi imetengenezwa kwa tabaka nyembamba nyingi zinazofanya mawimbi yagongane. Mwanga ukiingia wima, bendi iko pale ilipoandikwa. Ukiingia kwa mshazari, bendi inahamia kwenye mawimbi mafupi. Kwa filta ambayo kipeo chake cha kupinda mwanga ni kama 2, mwanga wa pembe ya nyuzi 20 unaishusha bendi ya 660 hadi karibu 650. Nyuzi 30 unaishusha hadi 639.

Chukua kamera yenye sensa ya upana wa milimita 7.2. Ukiweka lenzi ya milimita 6, mwanga wa ukingoni unaingia kwa karibu nyuzi 31, na bendi imehama nanomita 22. Filta ya upana wa 10 iliyotulia juu ya 660 inaiona leza katikati na kuifukuza kabisa pembeni. Kwa lenzi ya milimita 12 pembe ni kama nyuzi 17 na bendi inahama karibu nanomita 7. Ndiyo sababu filta ileile inafanya kazi kwenye mashine moja na kushindwa kwenye jirani yake iliyobanwa chini ya dari fupi.

Kuna njia tatu. Inua kamera na utumie lenzi ndefu zaidi, kama dari inaruhusu. Au nunua filta pana ambayo kitovu chake kimesogezwa juu kidogo ya leza, tuseme inayopitisha 655 hadi 690 kwa leza ya 660, ili bendi ikishuka pembeni bado iikute leza. Au hamisha filta iwe nyuma ya lenzi, karibu na sensa, ambako kwa lenzi nyingi miale inafika ikiwa imenyooka zaidi. Kwa hili lazima uone michoro ya lenzi yako, maana zipo lenzi fupi zinazotoa miale ya mshazari hata huko nyuma. Ukifunga filta nyuma ya lenzi picha itapoteza ukali, usishangae: kioo cha milimita 1 kinasogeza fokasi nyuma kwa kama theluthi moja ya milimita. Rekebisha fokasi upya kisha pima upya ulinganifu wa mashine nzima.

Asubuhi nzuri, inadhoofika inapopata joto

Hapa watu wengi wanalikamata jua bila hatia. Angalia mambo mawili katika picha: je, mandharinyuma yamepanda, au mstari umeshuka? Mwanga mgeni unapandisha mandharinyuma. Leza iliyohama inashusha mstari wakati mandharinyuma yametulia palepale, na itafanya hivyo hata usiku wa manane.

Leza nyekundu ya diodi inahama kwenda mawimbi marefu kwa karibu nanomita 0.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chumba cha minofu kinawekwa baridi, boksi la leza lililofungwa kabisa linajipasha lenyewe. Ikitoka 15 ikafika 45, leza imehama nanomita 6. Filta ya upana wa 10 ina nanomita 5 tu kila upande wa kitovu chake, na leza yenyewe huenda ilitoka kiwandani ikiwa imepotoka nanomita kadhaa kutoka namba iliyoandikwa kwenye lebo. Jumlisha hapo na pembe ya lenzi niliyoieleza, utaona kwa nini filta nyembamba kupindukia ni mtego.

Washa mashine ikiwa baridi, funika boksi, andika ngazi ya kilele cha mstari kila dakika tano mpaka itulie. Ikishuka hatua kwa hatua, ondoa filta urudie. Ikiacha kushuka bila filta, jibu umelipata. Ipe leza bamba la alumini la kutolea joto, au nenda kwenye filta ya upana wa 25 hadi 30. Leza za bluu zinahama kidogo zaidi ya robo ya hapo, kama nanomita 0.06 kwa kila nyuzi. Za 850 zinahama zaidi, karibu 0.3.

Mstari mwembamba mkandani, mnene juu ya mnofu

Hii wala si mwanga mgeni, na filta haitaitibu. Nyama ya sangara ni nyeupe lakini si ya kuzuia mwanga kama karatasi nene. Leza nyekundu inazama ndani kidogo, inatawanyika, inatokea ikiwa imetanuka. Ukitazama kwa karibu utaona ukingo wa mstari mkandani umekatika vizuri, kisha pale unapopanda mnofu unapata ukungu mwekundu pande zote. Kilele kinasogea na kimo kinadanganya.

Rangi ya bluu haizami sana kama nyekundu, kwa hiyo leza ya 405 au 450 inasaidia. Lakini hapo unahamia nyumba yenye jirani mpya. Taa nyeupe za LED zina kilele chao hasa karibu na 450, zinashuka kwenye 405, na zinakaribia kuisha ukipita 700. Kiwanda kilichojaa LED na kisicho na jua kinaipokea 405 vizuri, na 450 kwa shida. Tyubu laiti za zamani zina mistari ya zebaki, mmoja ukiwa 404.7, kwa hiyo chini ya tyubu hizo 405 nayo ina mgeni ambaye hakuna filta itakayomtenganisha na leza. Badilisha taa zilizo juu ya mashine kwanza.

Michirizi inayotembea kwenye picha

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zenye vifaa hafifu vya kuendeshea zinapwesapwesa mara 100 kwa sekunde. Kamera inayosoma mamia ya mistari kwa sekunde inaikuta taa mara imewaka mara imefifia. Umeme ukikatika na jenereta likachukua, michirizi inabadilisha mwendo kwa sababu jenereta halishiki 50 kamili. Hiyo yenyewe ni uthibitisho. Weka taa zenye kiendeshi cha mkondo mnyoofu juu ya mashine, au zizime kabisa. Samaki anayepimwa kwa leza hahitaji taa.

Vimulimuli juu ya mnofu uliolowa na chuma

Mnofu umetoka kuoshwa, fremu ni ya chuma cha pua. Nukta za ukali zinarukaruka na vimo vinachomoza kama miiba. Zima leza: nukta zikitoweka, ni leza yenyewe inayoakisiwa na maji, na filta ya rangi itaipitisha kwa moyo mweupe kwa kuwa ni rangi ileile.

Dawa ni polaraiza, kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Mwanga wa leza ya diodi tayari umepangwa upande mmoja. Ukiakisiwa na maji unabaki umepangwa hivyo, lakini ukitawanywa na nyama unavurugika. Polaraiza mbele ya lenzi ikizungushwa mpaka nukta zife inabakiza karibu nusu ya mwanga wa nyama na kuua mng'ao. Utapoteza mwanga, kwa hiyo uwe na leza yenye nguvu ya ziada.

Jambo moja la viwanda vyetu: kioo kitupu juu ya samaki hakiruhusiwi, na ni sawa kisiruhusiwe. Filta na polaraiza vikae ndani ya boksi lililozibwa, nyuma ya dirisha la plastiki. Ila polikaboneti iliyobanwa kwa skrubu inavuruga mpangilio wa mwanga ndani yake, na polaraiza yako itashindwa sehemu fulani za picha bila sababu inayoonekana. Akriliki haivurugi sana kama hiyo. Usikaze skrubu za pembe kupita kiasi.

Ukungu, mafuta na vidudu

Futa dirisha kabla ya kufikiri lolote. Baada ya kuosha kwa maji ya moto chumbani mwa baridi, mvuke unaganda ndani ya boksi; pakiti ya kukausha unyevu inatosha kama mpira wa kuzibia ni mzima. Na majira ambayo vidudu vya ziwani vinapaa kama moshi juu ya maji, usiku vinafuata mwanga hadi kwenye dirisha la leza. Vikipondwa na kitambaa vinaacha utando wa mafuta unaotawanya mwanga wote, wa leza na wa mgeni. Vipulizie kwanza, ndipo upanguse.

Unapoagiza filta

Usimwandikie muuzaji "filta ya leza nyekundu". Mpe nanomita za leza zilizopimwa ikiwa imeshapata joto, kama huna kipimo mpe namba ya lebo na uongeze upana. Nyuzijoto za chini na za juu ndani ya boksi. Urefu wa lenzi na upana wa sensa, ili apate pembe. Mahali filta itakapokaa, mbele au nyuma ya lenzi. Uzi wa skrubu wa lenzi, mfano M25.5 au M27. Na kwamba unataka ikate hadi 1,100. Ikifika, andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa boksi kitovu na upana wake pamoja na tarehe, na chini yake zile namba mbili za piseli ulizosoma siku ulipoifunga, leza ikiwa imezimwa na leza ikiwa imewashwa chini ya turubai.